Shajara ya mradi: kupima siko seli kwa kliniki ya chanjo, upande wa Nyando

Februari 2025

Naanza kuandika hapa ndio tusisahau tulitoka wapi, manake utafiti mwingi huwa unaandikwa ripoti mwisho kabisa, wakati kila mtu ashasahau pesa iliingia lini na nani aliamua nini. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya watoto hapa Kisumu miaka mingi, na kwa huu mradi niko kama mratibu. PI wetu, yaani mtafiti mkuu, ni daktari wa watoto na pia anafundisha chuo. Tuko na mtu wa labu, halafu kuna karani wa data ambaye bado hatujui atalipwa na nini.

Wazo lenyewe ni hili. Mtoto akifikisha wiki 6 analetwa chanjo, hiyo ni Penta (chanjo ya magonjwa 5 pamoja), ya nimonia, rota na ya polio. Karibu kila mama huku anakuja hiyo siku. Na wauguzi wa kliniki tayari wanajua kutoboa kisigino cha mtoto na kudondosha damu kwa karatasi, kwa sababu watoto wa akina mama wenye HIV wanapimwa wiki hiyo hiyo. Sasa sisi tunasema, siku hiyo hiyo chukua tone moja zaidi, pima siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi, na mtoto akipatikana nayo aanze penisilini ya kumkinga na maambukizi kabla afikishe miezi 3. Tunachotaka kujua ni kama kliniki ya kawaida, na wauguzi wale wale na foleni ile ile, inaweza kubeba hii kazi, na kama mtoto aliyepatikana kweli anafikiwa na dawa mapema.

Miaka ya nyuma wazo kama hili lingeandikiwa Wamarekani moja kwa moja. Lakini tarehe 20 Januari walitoa amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, halafu zikafuata zile barua za kusimamisha kazi, na hapa Kisumu hakuna mtu anahitaji kuelezewa hiyo ilikuwa nini. Watu wa data, wa labu, madereva, washauri nasaha, wengine waliambiwa tu jioni kwamba kesho wasije. Ninawajua kwa majina na kwa watoto wao. Kwa hivyo PI aliposema kuna mwaliko wa ruzuku ya utafiti ya serikali yetu na tuaplai, wengine kwa kikao walisema ni kupoteza wakati, lakini mimi niliunga mkono saa hiyo hiyo. Pesa ni kidogo, sawa. Lakini ni ya kwetu, na swali letu ni la kliniki zetu.

Machi

Bado proposo. Sehemu ya historia nimepewa mimi niandike, na nimeipenda kuliko nilivyofikiria.

Anthony Allison, yule daktari aliyelelewa Gilgil huko upande wa Nakuru, alikuja 1949 na msafara wa Oxford wa Mlima Kenya akazunguka nchi akichukua damu za watu. Akapata kitu kimoja cha ajabu: watu wa kando ya ziwa na wa pwani wengi wamerithi siko seli upande mmoja, yaani kwa mzazi mmoja tu, mahali pengine zaidi ya mtu 1 kati ya 5, na watu wa nyanda za juu karibu hawana kabisa. Akashuku malaria. Baadaye akachukua wanaume Waluo 30, 15 wakiwa wamerithi upande mmoja na 15 hawajarithi, wote wakaambukizwa malaria makusudi. Kwa wale hawajarithi, 14 kati ya 15 walipata vijidudu kwa damu. Kwa wale wamerithi, ni 2 tu. Alichapisha 1954, na mpaka leo hiyo kazi inafundishwa dunia nzima.

Jaribio kama hilo leo halingepita kamati yoyote ya maadili, na ni sawa lisipite. Lakini mimi nikiandika hiyo aya nilikuwa nawaza jambo moja. Hiyo elimu ilitoka kwa damu ya watu wa huku, imepita miaka 70, na bado mtoto wa Nyando anajulikana ako na siko seli siku ile analetwa wodini akiwa mweupe kama karatasi, vidole vimefura, mama anaulizwa maswali ambayo hakuna mtu aliwahi kumwambia ajiandae nayo.

Halafu kuna upande wa penisilini, na hapa ndio PI alitaka tukaze kwa sababu inaonyesha pesa ya serikali inaweza kufanya nini. Marekani ilipitisha sheria ya siko seli mwaka wa 1972, serikali yao ikaanza kuweka pesa ya utafiti kwa ugonjwa ambao kabla ya hapo ulikuwa haujaliwi. Kwa hiyo pesa ya taasisi zao za afya za taifa, NIH, likaja jaribio lililoanza 1983, watoto 215, nusu hivi wakipewa penisilini ya kumeza mara 2 kwa siku na wengine kidonge kisicho na dawa. Lilisimamishwa miezi 8 kabla ya wakati kwa sababu maambukizi makali yalikuwa yameshuka kwa asilimia 84 kwa wale wa penisilini, na watoto waliokufa, 3, walikuwa wote upande ule mwingine. Matokeo yalichapishwa 1986. Ni penisilini tu! Dawa ya bei ya chini kabisa kwa famasia. Kitu kilichokuwa kinakosekana ni mtu wa kulipa swali liulizwe vizuri.

Na juzi juzi, Desemba 2018, yakatoka matokeo ya haidroksiyurea, dawa ya siko seli, kwa watoto wa Afrika, watoto 606 kutoka Angola, Kongo, Uganda na hapa kwetu Kilifi. Hiyo pia ilikuwa pesa ya NIH. Tunashukuru kwa roho moja, sisemi kingine. Ila proposo yetu inasema wazi kwamba haya yote yanamsaidia tu mtoto anayejulikana ako na ugonjwa, na kumjua ndio kazi yetu sisi.

Bajeti imetusumbua. Potali ya kuombea ruzuku inataka kila kitu kwa shilingi, mstari kwa mstari, na kuna mstari mmoja tulibishana mpaka usiku, nauli ya mama anayeitwa kurudi kuchukua majibu ya pili, yale ya kuthibitisha kutoka labu. Kuna mwenzetu alisema itolewe kwa sababu wakaguzi hawapendi pesa inayotolewa mkononi. Nikakataa. Mama anayetoka ndani kule kwa mashamba ya mpunga hapandi boda kuja Ahero bure, na yule anayekosa nauli ndiye hasa tunamtafuta. Ikabaki.

Mei

Tumepata! Barua imekuja kwa imeli ya PI na akanipigia nikiwa sokoni Kibuye nanunua omena, nikapiga kelele watu wakageuka.

Baada ya kusoma vizuri tumekuta wamekata. Kukatwa si ajabu, kila ruzuku inakatwa. Kitu imeniuma ni mahali wamekata. Wametoa mstari wa penisilini na foliki, ile vitamini ya damu. Maelezo yao ni kwamba dawa ni matibabu, na matibabu si kazi ya pesa ya utafiti, hiyo ni ya mfumo wa afya. Ukiisoma kwa karatasi unaweza kukubali. Lakini kwa kliniki, unampima mtoto wa watu, unamwambia mama mtoto ako na siko seli, halafu unamwambia nini? Nenda ununue?

Mwezi huu huu, tarehe 1, NIH wametangaza kwamba hawatatoa tena zile pesa ndogo zinazopitia taasisi ya Marekani kuja kwa mshirika wa nje mpaka waweke mpango mpya. Miradi mingi ya magharibi ya Kenya ilikuwa inaishi hivyo, chuo cha kule kinashika ruzuku, sisi tunapata kipande. Kwa hivyo hata wale walikuwa wamebaki na kazi saa hii wanahesabu. Nimepigiwa simu na watu wengi wakiniuliza kama mradi wetu unaajiri. Nafasi tuliyo nayo ni moja tu, ya karani, na kusema hivyo kwa mtu aliyesoma mpaka digrii ya pili ni ngumu sana.

Juni

Mwezi wa makaratasi. Kamati ya maadili kwanza, ndio uende NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa leseni ya utafiti, ndio upate barua ya kaunti, ndio barua ya kaunti ndogo, ndio msimamizi wa kituo akubali. Watu wanalalamika juu ya hii ngazi lakini mimi sina shida nayo, damu ya mtoto haifai kuchukuliwa kirahisi.

Na kamati imetuokoa. Wameandika wazi kwamba hawatapitisha mradi bila mpango wa matibabu kwa kila mtoto atakayepatikana. Yaani pesa ya serikali imekataa dawa, na kamati inasema bila dawa hakuna mradi. Tukaenda na hiyo barua kwa kaunti, mpaka kwa mfamasia, mama mmoja makini sana, akasoma akasema penisilini ya vidonge iko kwa orodha yao ya kawaida na atatuandikia barua kwamba kaunti itatoa. Akaandika siku hiyo hiyo. Nimeiweka kwa faili ya mbele kabisa.

Swali lingine la kamati lilikuwa zito, na sikuwa nimeliona likiandikwa kwa proposo nyingi. Mtoto akiwa na siko seli kamili, kwa kawaida amerithi kwa mama na kwa baba pia. Sasa baba akisikia hivyo aende apimwe apatikane hana, nyumba itakuwaje? Tumekubaliana hatupimi wazazi kwa huu mradi, na ushauri unaeleza ugonjwa bila kumweka mtu mbele ya mwingine. Huku kwetu mama ndiye analaumiwa kila mtoto akiugua, na hii fomu haiwezi kuwa fimbo mpya.

Fomu ya idhini iko kwa Kiluo, Kiswahili na Kiingereza. Tuliijaribu kwanza na akina mama na nyanya zao kituoni. Dani mmoja, yaani nyanya kwa Kiluo, alikuwa amekuja na mkaza mwana wake, akasikiliza yote mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sista, hii damu ya mjukuu wangu inabaki hapa ama inaenda ng'ambo?" Nikamwambia, "Dani, ya kwanza inapimwa mbele yako na majibu unayaona kabla utoke. Ya pili ni karatasi, inaenda labu hapa hapa Kisumu, na ikishapimwa hatuiweki kwa kazi nyingine." Akauliza nani analipa. Nikamwambia ni serikali ya Kenya. Akanyamaza kidogo akasema, "Basi ni kodi yetu. Andika jina lake." Ile sentensi ya damu inabaki wapi tumeipandisha juu kabisa ya fomu kwa ajili yake.

Tarehe 12 bajeti ya taifa imesomwa. Kila mwaka mimi huangalia utafiti umepewa nini. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ndio ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na inasema Hazina itaupa asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Pato la 2024 lilikuwa kama trilioni 16, kwa hivyo tunazungumzia zaidi ya bilioni 300. Hatujawahi kukaribia hapo hata kidogo. Hata ile ahadi ya nchi za Afrika ya asilimia 1 kwa utafiti wote, wa serikali na wa wengine, hatujaifikia: hesabu ya UNESCO ya 2010 ilituweka 0.79, na karibu nusu ya hiyo ilikuwa pesa ya kutoka nje. Hiyo nusu ndio imeyumba mwaka huu. Mimi sidai bilioni 300 kesho asubuhi, naijua nchi na madeni yake. Lakini hata sehemu ya kumi ya hiyo, ikija kila mwaka bila kukosa, ingebadilisha maisha ya utafiti wa afya nchi hii, na wabunge walioandika 2 kwa sheria lazima walikuwa wanamaanisha kitu.

Agosti

Awamu ya kwanza imeingia kwa akaunti ya taasisi inayotushikia pesa. Tulikuwa tumeambiwa ingekuja kabla Juni 30, mwaka wa fedha ukafungwa, ikabidi isubiri mwaka mpya ufunguliwe, vitabu vifunguliwe, na wanaohusika wawe ofisini.

Ununuzi nao una safari yake. Kotesheni, kamati, LPO (hati ya kuagiza), supplaya, kupokea bidhaa, kukagua. Vipimo vina tarehe ya kuisha kwa boksi, na tangu LPO isainiwe mpaka vifike kituoni ile tarehe inakimbia tu. Nimeomba supplaya alete kwa mafungu mawili yenye tarehe tofauti na amekubali.

Tumefundisha wauguzi wa kliniki pamoja na wahamasishaji wa afya ya jamii, wale CHP. Siku nzuri sana.

Septemba

Tumeanza kupima.

Wacha nieleze kinavyofanyika ndio mtu wa ofisi akisoma aone. Mtoto amedungwa chanjo zake, analia, mama anamnyonyesha. Hapo hapo akinyonya ndio tunashika kisigino, kwa sababu akinyonya halii sana. Tunapasha kisigino moto kwa kiganja, tunatoboa pembeni si katikati, tone la kwanza linapanguswa, la pili linanyonywa na kikaratasi kidogo. Kikaratasi kinaingia kwa kichupa chenye maji, unazungusha mpaka maji yanakuwa ya pinki, unatumbukiza ukanda, unangoja dakika 10. Na hapa ndio tumefundisha sana: kwa hiki kipimo chetu, kila mstari ni wa aina moja ya hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, na mstari ukitokea maana yake hiyo aina haipo, na mstari usipotokea ndio ipo. Ni kinyume cha vipimo vya malaria na vya HIV ambavyo mikono yetu imezoea miaka yote. Kwa hivyo kila ukanda unasomwa na watu wawili, kila mmoja anaandika kivyake kabla kuongea, na tumebandika picha kubwa ukutani juu ya meza.

Mtoto wa kwanza aliyetoka na siko seli alikuwa msichana mnene mzuri kabisa, anacheka, hana dalili hata moja. Wiki 6 bado ile damu aliyokuwa nayo tumboni mwa mama inamlinda, ndio maana hawaonekani wagonjwa na ndio maana lazima wapimwe wakiwa hawaonekani wagonjwa. Mama yake aliniangalia akasema, "Sista, lakini huyu ni mzima." Nikamwambia, "Mama, ndio. Na tunataka akae hivyo." Tulikaa naye kwa kile chumba cha nyuma mpaka kliniki ikaisha. Sikumkimbiza.

Karatasi yake ilienda labu, majibu yakarudi yakithibitisha, na alipokuja chanjo ya wiki 10 akaanza dawa. Kidonge cha miligramu 250 kinakatwa nusu, 125, asubuhi na jioni, mpaka afikishe miaka 3 ndio aongezewe. Tulichagua vidonge si ya maji, kwa sababu ile ya maji ikishakorogwa inataka friji na nyumba nyingi huku hazina. Unasaga nusu kidonge kati ya vijiko viwili, unaweka maziwa yako kidogo, unampa. Mama alifanya mbele yangu, akarudia, akasaga vizuri kuliko mimi. CHP wa kijiji chake alikuwa pale pale akiangalia, na yeye ndiye atapita kuona kama dawa inamezwa na kama kuna homa. Homa yoyote, hospitali siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Hilo tumelirudia mpaka wao ndio wanatukumbusha.

Oktoba imepita kwa kazi tu. Kliniki inaenda, foleni imerefuka kidogo lakini wauguzi hawajalalamika.

Novemba

Hii nitaandika ndefu kwa sababu ndio kiini cha mambo.

Awamu ya pili haijaingia. Ili itolewe, awamu ya kwanza lazima ihesabiwe, risiti kwa vaucha, na sisi tumehesabu. Faili limeenda ofisi ya fedha ya taasisi inayotushikia pesa, likarudi kwa sababu sahihi moja ilikuwa upande usiofaa, likaenda tena, mwenye kusaini alikuwa semina, likakaa. Mfuko unaotoa ruzuku nao unasema haujapokea hesabu. Hakuna mtu ameiba kitu, hakuna mtu ana nia mbaya, kila mmoja anafanya kitu chake kulingana na kanuni, na pesa haiji.

Wakati huo huo, fungu la pili la vipimo liko kwa supplaya na halijalipiwa. CHP hawajapata posho yao ya kutembelea nyumba na bado wanaenda, kwa miguu, na mvua imeanza na barabara kadhaa za upande wa mto hazipitiki. Nimewaomba wangoje pesa iingie, mmoja wao akaniambia, "Dada, homa ya mtoto haitangoja." Nikakosa la kujibu.

Na hapo ndio shida yenyewe. Mtoto wa wiki 6 ako na wiki 6 mara moja tu maishani. Akipita kliniki siku hiyo na vipimo vimeisha, hatarudi akiwa wiki 6 tena pesa ikiingia. Atakuja wiki 10, labda wiki 14, halafu tutamwona kwa chanjo ya malaria ya miezi 6, na kufika hapo ile miezi 3 tuliyosema kwa proposo imepita zamani. Kukatiwa pesa kidogo tungevumilia, tungepima kliniki chache. Lakini pesa kamili inayochelewa inaharibu swali lenyewe, kwa sababu hatutajua kama mtoto alikosa dawa kwa sababu kliniki haiwezi, ama kwa sababu sisi hatukuwa na kipimo. Utafiti unatoka na jibu la uwongo ambalo hakuna mtu alilidanganya.

Nimefanya kazi kwa miradi ya NIH zamani kidogo kwa hivyo naweza kulinganisha. Kule ukishapewa barua ya mwaka, pesa unaivuta kwa mfumo wao kadiri unavyotumia. Unatumia, unavuta, unaripoti, wakikushuku wanakusimamisha. Na gharama za ofisi za taasisi ya nje ziliwekewa asilimia 8, kila mtu anajua, hakuna ubishi. Ubaya wake tumeuona mwaka huu, barua moja kutoka mbali na kila kitu kinafungwa, na huna mbunge wa kumuuliza wala kikao cha kuhudhuria. Ya kwetu haiwezi kufungwa na rais wa nchi nyingine. Ndio maana nataka ya kwetu ifanye kazi, naitaka kwa moyo wangu wote, na ndio maana nasema hivi wazi: serikali ikitoa ruzuku ya utafiti wa afya, iruhusu mradi uvute pesa kulingana na kazi, angalau kwa vitu vitatu ambavyo havingojeki, yaani vipimo, dawa na watu wanaofikia mtoto nyumbani. Semina, kompyuta, uchapishaji, hivyo vingoje awamu, havitakufa.

PI ameandika barua na nimemsaidia. Tumeambatisha jedwali la kila kliniki, siku ambazo vipimo vilikuwepo na siku havikuwepo, bila kumlaumu mtu. Mtu wa ofisi ya fedha mwenyewe tulipomwonyesha lile jedwali aliliangalia muda mrefu, kisha akasema hakujua kwamba kuna umri. Alidhani ni vipimo tu vinaweza kufanywa wakati wowote. Tangu siku hiyo yeye ndiye anapiga simu kuuliza faili limefika wapi. Ningependa kila ruzuku ianze na hicho kikao, watu wa fedha waje kliniki asubuhi moja waone foleni.

Januari 2026

Pesa imeingia. CHP wamelipwa malimbikizo yote, supplaya amelipwa, fungu la pili liko kabatini na tarehe zake ziko sawa. Zile wiki za katikati tumeziandika kwa ripoti kama pengo, na kwa uchambuzi zitakaa peke yake. PI alisema tusizifunike hata kidogo na nakubaliana naye.

Watoto wote waliothibitishwa wanafuatiliwa, na yule msichana wa Septemba ameanza kukaa mwenyewe bila kushikiliwa. Mama yake sasa ndiye anakaa na akina mama wapya kwa kile chumba cha nyuma, hakuna mtu alimtuma, alianza tu. Tunatafuta njia ya kumlipa angalau nauli na nimeona mstari wa kuitoa, ule ule tuliobishania Machi.

Matokeo kamili bado, sitaandika namba hapa kabla hayajapitiwa. Lakini kuna kitu hatuwezi kungoja matokeo ndio tufanye. Ruzuku itaisha, na ikiisha kliniki itabaki na watoto wale wale. Kwa hivyo tumeangalia kalenda ya kaunti: mpango wa mwaka ulikuwa Septemba 1, huo umepita, ila karatasi ya mkakati wa fedha inafika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Kabla ya hapo kuna vikao vya wananchi. Mfamasia amesema atakuja. CHP wanakuja, na akina mama wamesema watajaza matatu.

Memoranda nimeshaandika na ni ya ukurasa mmoja. Inaomba kaunti iweke mistari mitatu yake yenyewe kwa kliniki za chanjo: kipimo cha siko seli wiki 6, penisilini ya vidonge kwa watoto chini ya miaka 5, na posho ya CHP ya kumfikia mtoto nyumbani. Gharama nimetoa kwa vitabu vyetu wenyewe, risiti zote ziko. Jumatatu PI anaisaini, Jumanne naipeleka mwenyewe kwa karani wa bunge nigongewe muhuri wa kupokelewa, na nakala naacha kwa ofisi ya afya ya kaunti. Yeyote wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia ama Vihiga anayetaka kuitumia kwa kaunti yake aniambie nimtumie, abadilishe jina la kaunti na hesabu zake.